Baraza: Nani Anamtokea Nani?

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyeishi Unguja na kujifunza lugha kwa wenyeji, alichapisha kitabu cha mwongozo wa Kiswahili kama kilivyosemwa kisiwani humo. Alipofika kwenye neno baraza hakuanza na mkutano wala mamlaka. Alianza na jiwe: kiti cha mawe kilichojengwa nje ya nyumba, au ukumbini, ambapo mwenye nyumba huketi hadharani akapokea rafiki zake. Baada ya hapo ndipo alipoongeza kuwa neno hilohilo ni kikao cha Sultani cha kuonana na watu, na shauri linalofanyika humo.

Leo mwanafunzi wa Dodoma au wa Nairobi akiulizwa baraza ni nini, ataanzia kule Steere alikoishia. Atataja Baraza la Mawaziri, Baraza la Mitihani, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Jiwe limesogea hadi mkiani mwa orodha, na kwa wengi limekwisha kutoka. Katika muda wa takriban karne moja na nusu, kiti cha mbele ya nyumba kimekuwa jina la vyombo vyenye mihuri, walinzi na ajenda.

Mhadhara huu unalifuata neno hilo kutoka Uarabuni hadi Kivu, na unalifuata kwa swali moja. Kila mahali panapoitwa baraza, nani anamtokea nani?

Mzizi wa kutokea

Swali hilo limezaliwa na neno lenyewe. Kwa Kiarabu, kitenzi baraza maana yake ni kutokea, kujitokeza, kutoka penye sitara hadi peupe. Msomaji wa Kurani hukutana na mzizi huo mara kadhaa. Umo katika Sura Al-Baqara, pale jeshi la Talut linapojitokeza kumkabili Jalut. Umo katika Sura Ibrahim, pale viumbe wote wanapotokea mbele ya Mola wao. Umo pia katika Sura Al-Kahf, siku ambayo milima itaondoshwa na ardhi kuonekana tupu, haina pa kujificha.

Kutoka mzizi huo Kiarabu kilipata mubaraza, pambano la mashujaa wawili wanaotoka safuni kila mmoja peke yake. Kilipata pia baraz, uwanda mtupu nje ya makazi. Na kwa kuwa watu walikwenda uwandani kukidhi haja, neno la jamaa hiyo, biraz, likawa ndilo jina la heshima la kinyesi, na mpaka leo linaandikwa katika maabara za hospitali za nchi za Kiarabu. Mashujaa, Siku ya Kiyama na choo vimekutana katika herufi tatu, kwa sababu vyote vinahusu kutoka nje.

Lakini kuna tawi moja ambalo wasemaji wa Kiswahili wangefaa kulijua zaidi. Katika Kiarabu cha zamani, mwanamke aliyeitwa barza alikuwa mtu mzima mwenye heshima na akili, asiyejificha, anayeketi na watu na kuzungumza nao. Mfano mashuhuri umo katika simulizi za Hijra ya mwaka 622. Mtume na wenzake, wakiwa njiani kutoka Makka kwenda Madina, walipita kwenye hema la Umm Maabad wa kabila la Khuzaa. Wasimulizi wanamweleza kwa neno hilohilo: alikuwa barza, mwanamke shupavu, aliyezoea kuketi mbele ya hema lake akiwanywesha na kuwalisha wapita njia. Mtu aliyeketi mlangoni kwake, penye macho ya watu, akipokea wageni. Karne nyingi baadaye maelezo hayo yangemfaa mwenye nyumba wa Lamu au wa Unguja, isipokuwa kwamba huyo angekuwa mwanamume.

Mbele ya lango la ngome

Oman ndiko neno lilikopata sura ya utawala. Barza ya Oman ni kikao cha wazi ambamo imamu, sultani au liwali hutoka akaketi, mara nyingi mbele ya lango la ngome au katika chumba kilichotengwa kwa kazi hiyo, na watu huja na salamu zao, kesi zao na malalamiko yao. Kahawa huzunguka. Kadhi huwapo au huitwa. Jambo la msingi ni mwelekeo wa mwendo: mwenye nguvu ndiye anayetoka ndani kwake kuwatokea walio nje. Mtawala asiyeonekana barzani huzua minong'ono, maana watu hawajui kama anaumwa, ana hasira au ameshindwa na kazi.

Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja, alikuja na desturi hiyo. Binti yake Salme, aliyeolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo anaieleza barza ya baba yake kama sehemu ya ratiba ya kila siku ya jumba, kama sala na chakula. Huko Ghuba desturi haijafa: katika Falme za Kiarabu, ukumbi ambao mtawala au mrithi wake hupokea wananchi bado unaitwa barza.

Neno liliposhuka pwani yetu lilikuta watu waliokwisha kuwa na mahali pa kuketi. Miji ya mawe ya Waswahili ilikuwa na karne kadhaa za kujenga kwa matumbawe na chokaa kabla Waomani hawajatia nanga. Ndiyo maana baraza ya pwani haikubaki mali ya sultani. Ilishuka daraja ikagawanywa, kila mwenye nyumba akapata yake.

Jiwe la mtaani

Nyumba ya kale ya Lamu haimpeleki mgeni ndani moja kwa moja. Kwanza kuna daka, kipenu cha mlangoni chenye viti vya mawe vinavyotazamana. Hapo hupokewa mchuuzi, jirani, mdai na mtu mwenye ujumbe. Mgeni wa daka amekaribishwa kweli, amekaa na amepewa kahawa, na bado sitara ya nyumba haijaguswa. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, kiti hicho kimeshikamana na ukuta wa nje, kikafuata uchochoro nyumba hadi nyumba. Mvua ya masika ikigeuza vichochoro kuwa mito, wapita njia hupanda juu ya baraza na kutembea huko kama darajani. Jiwe ni la mwenye nyumba, lakini matumizi yake ni ya mtaa mzima.

UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Zanzibar katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Watalii hupiga picha milango ya nakshi. Wakazi wanajua kuwa kilicho kando ya mlango kina kazi kubwa zaidi. Hapo huchezwa bao, karata na dhumna, hapo hutangazwa msiba na posa, hapo hupimwa maneno ya serikali na ya timu za mpira. Mtafiti Roman Loimeier, aliyeandika juu ya baraza za Zanzibar, alionyesha kuwa kila baraza ina watu wake, saa zake na mada zake. Ipo ya wanazuoni, ipo ya wavuvi, ipo ya wapenzi wa siasa. Pale Jaws Corner watu hunywa kahawa na kubishana hadi usiku. Vyama navyo vilijenga baraza zao na kuziita maskani, na Maskani ya Kisonge, Michenzani, ikajulikana mjini kote kwa ubao wake wa kuandikia ujumbe wa siasa.

Baraza hizi zina sheria ambazo hakuna aliyeziandika. Anayefika husalimu wote. Mkubwa hupishwa mahali pazuri. Asiyejulikana haulizwi kwa ukali anatafuta nini, ila baada ya kikombe cha kwanza atajikuta amekwisha kueleza ukoo wake. Lakini upo pia mpaka, nao lazima usemwe waziwazi: wanaoketi karibu wote ni wanaume. Mwanamke hupita, husalimu kwa adabu, huendelea na safari yake. Mikutano yake iko uani, ukumbini, harusini na kwenye kisomo. Neno ambalo kwa Umm Maabad lilikuwa sifa ya mwanamke aliyejitokeza, pwani likawa jina la mahali ambapo mwanamke hakutarajiwa kuketi.

Kiti kinakuwa kipenu

Njia za misafara za karne ya 19 ziliibeba baraza hadi bara. Huko hakukuwa na matumbawe. Kulikuwa na udongo na miti, na nyumba za tembe zenye paa lililochomoza mbele. Henry Morton Stanley, akisimulia jinsi alivyomkuta David Livingstone Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, anasema mzee huyo alimwelekeza kuketi mbele ya nyumba, kwenye jukwaa la udongo chini ya paa pana, juu ya mkeka uliotandikwa ngozi ya mbuzi. Mazungumzo hayo, ambayo magazeti ya Ulaya na Marekani yalikuja kuyatangaza kwa mbwembwe, yalifanyikia barazani.

Kwa watu wa bara, basi, baraza haikuwa tena kiti. Ilikuwa ile sehemu yote ya mbele iliyofunikwa na paa. Maana hiyo ndiyo iliyosafiri mbali zaidi. Luganda ina olubalaza kwa kipenu cha mbele ya nyumba au duka, na Kinyarwanda nacho kimelichukua neno kwa maana iyo hiyo. Wajerumani wa Afrika Mashariki waliandika Barasa katika maelezo ya nyumba zao, na Wabelgiji wa Kongo wakasema barza, hata wanapoongea Kifaransa wao kwa wao.

Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, Tanga au Tabora, ile yenye korido katikati na vyumba pande mbili, nayo ina baraza yake ya saruji. Fundi cherehani huweka mashine hapo na kulipa kodi ndogo. Mama wa vitumbua hukaanga hapo alfajiri. Wasichana husukana hapo jioni. Hapa mpaka wa wanaume uliochorwa visiwani umefifia sana. Baraza ya bara imekuwa ofisi, jiko na saluni.

Mwelekeo unapogeuka

Kisha likaja badiliko kubwa kuliko yote, na halikuhusu jiwe wala udongo.

Serikali za kikoloni zilihitaji jina la mkusanyiko wa raia mbele ya mtawala. Katika Kenya, sheria ya mwaka 1912 kuhusu mamlaka za wenyeji iliwapa machifu na wazee wa vijiji uwezo wa kutoa amri na kuwaadhibu wakaidi. Amri zilihitaji masikio, na masikio yalikusanywa barazani. Chifu alituma tarishi, watu wakaacha mashamba wakaja. Waliketi nyasini, mkuu wa wilaya akaketi kitini, na maneno yakashuka kutoka juu kwenda chini: kodi, matuta ya kuzuia mmomonyoko, chanjo ya ng'ombe, kazi za barabara.

Jina lilibaki lilelile, lakini mwelekeo ulikuwa umepinduliwa. Katika barza ya Oman mtawala alitoka kuwatokea watu. Katika baraza ya chifu watu ndio waliotolewa kwao kumtokea mtawala.

Tarehe 24 Agosti 1952 maelfu ya watu walikusanyika Kiambu katika mkutano uliokuwa na baraka za serikali. Jomo Kenyatta na wazee wengine, akiwamo Chifu Mkuu Waruhiu, walisimama kuilaani Mau Mau. Serikali haikuridhika na maneno yaliyosemwa. Waruhiu aliuawa tarehe 7 Oktoba, na tarehe 20 mwezi huohuo hali ya hatari ikatangazwa na Kenyatta akakamatwa. Katika miaka iliyofuata, kwa familia nyingi za Kenya ya kati neno baraza lilimaanisha kuitwa kwa lazima na kuhesabiwa.

Hata hivyo watu hawakuliacha neno mikononi mwa mkuu wa wilaya. Magharibi mwa Kenya, miongoni mwa Wabukusu, kuna wanaume wengi wanaoitwa Barasa, na maelezo ya kawaida ya jina hilo ni kwamba mtoto alizaliwa siku ya mkutano. Mwaka 1939 lilianzishwa Nairobi gazeti la Kiswahili lililoitwa Baraza. Mmiliki alikuwa kampuni ya magazeti ya walowezi, lakini mhariri wake wa mwanzo alikuwa Francis Khamisi, mtu wa pwani, aliyekuja kuwa miongoni mwa viongozi wa mwanzo wa chama cha KAU. Wasomaji walipeleka barua na mashairi, wakajibizana kutoka mji hadi mji. Ilikuwa baraza isiyohitaji watu kuketi pamoja, na ambayo chifu hakuwa na uwezo wa kuifunga saa aliyotaka.

Tanganyika nayo ililitia neno mahakamani. Chini ya Waingereza, mahakama za wenyeji ziliitwa baraza, na mabaki yake yako hai katika msamiati wa sheria. Wazee wa baraza ni raia wa kawaida wanaoketi na jaji au hakimu kumpa maoni yao juu ya kesi. Mwaka 1985 Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Mabaraza ya Kata, na sheria ya mwaka 2002 ya migogoro ya ardhi ikaweka ngazi zinazoanzia baraza la ardhi la kijiji. Mjane anayegombea mpaka wa shamba na shemeji yake bado anakwenda "barazani", na anachotarajia kule ni watu wanaomjua, wanaoujua mpaka wenyewe, na watakaomsikiliza mpaka amalize.

Nyumba yenye mlango

Baada ya uhuru neno liliingia ndani. Zanzibar ndiyo mfano ulio wazi kabisa. Mapinduzi ya Januari 1964 yalileta Baraza la Mapinduzi, lililoshika pamoja kazi ya kutawala na kazi ya kutunga sheria. Baraza la Wawakilishi lilianza kazi mwaka 1980 tu. Kwa miaka 16, basi, mji wenye baraza nyingi za mawe uliongozwa na baraza ambayo mwananchi hakuichagua wala hakuweza kupita mbele yake na kusalimu.

Tanganyika na baadaye Tanzania yote ilizaa mabaraza mengi, na kila moja likajipatia ufupisho. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Baraza Kuu la Waislamu, BAKWATA, lilianzishwa mwaka 1968. Baraza la Mitihani ni la mwaka 1973, Baraza la Sanaa, BASATA, ni la mwaka 1984. Silabi BA imekuwa kama muhuri wa rasmi: msikilizaji akiisikia mwanzoni mwa jina anajua kuna mwenyekiti, katibu na bajeti.

Sarufi nayo ilifuata. Nchini Kenya wengi husema baraza ya chifu na baraza za wananchi. Tanzania husema baraza la madiwani na mabaraza ya kata. Ngeli ya li-ya inalipa neno uzito wa chombo. Mkazi wa Unguja anaweza kusema mzee amekaa kwenye baraza yake, kisha katika sentensi inayofuata akalizungumzia Baraza la Wawakilishi, wala hasikii kwamba amebadilisha kitu.

Si kila baraza lenye ufupisho lilitoka serikalini. Katikati ya miaka ya 1990 wanawake waliunda Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, chini ya uenyekiti wa Anna Tibaijuka. Lilifundisha wanawake haki zao za ardhi na za kura, likapata wafuasi wengi kwa haraka, na mwaka 1997 serikali ikalifutia usajili. Wanawake walikuwa wamejitokeza na kuketi barazani kwa jina lao wenyewe, na walinyang'anywa kiti hicho. Ni hasara ambayo historia ya neno hili haina haki ya kuinyamazia.

Upande wa pili wa habari uko New York. Salim Ahmed Salim, aliyezaliwa Pemba mwaka 1942, alichaguliwa mwaka 1979 kuwa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Watangazaji wa Kiswahili walipolitamka jina la chombo hicho hawakuhitaji kukopa neno. Mtoto wa visiwa vya baraza za mawe aliongoza kikao cha dunia nzima, na wazee wa kijiweni walielewa mara moja ni kazi gani: kumpa kila mtu zamu yake ya kusema.

Kutoka tena nje

Miaka ya karibuni imeleta majaribio ya kuurudisha mwelekeo wa zamani. Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, baada ya mapigano ya Masisi ya miaka ya 1990, viongozi wa jamii za Wahunde, Wanande, Wanyanga, Wahutu, Watutsi na nyinginezo waliunda mwaka 1998 chombo cha kuzungumza wao kwa wao, wakakiita Barza ya jamii zote. Neno ambalo Mbelgiji alilitumia kwa kipenu cha nyumba yake lilirudi kwa wenye nchi likiwa na kazi nzito ya kuzuia damu.

Uganda ilianzisha mwaka 2009 mpango ulioitwa kwa Kiswahili Baraza, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Maofisa wa wilaya hutoka ofisini, huketi uwanjani mbele ya wananchi wa kata ndogo, husema fedha kiasi gani zilipokewa kwa shule, zahanati na barabara, na zimetumikaje. Kisha wananchi huuliza. Katika nchi ambayo Kiswahili hakina mashabiki wengi kama kwa jirani zake, waandaaji walichagua neno hili. Na pale mpango unapofanya kazi, mwenye mamlaka ndiye anayetoka nje, kama liwali mbele ya lango la ngome.

Kiswahili kina kitenzi ambacho kimeutunza mzizi bila msaada wa serikali yoyote: kubarizi. Kamusi za zamani zinakieleza kuwa ni kukaa barazani na watu. Leo matumizi yake yamepanuka. Bustani ya Forodhani ilipofunguliwa upya mwaka 2009, watu wa Unguja waliendelea kwenda kule kama walivyozoea, jua likishaanza kutua, na ukiwauliza wanakwenda wapi hujibu kwamba wanakwenda kubarizi. Familia hujipanga kwenye ukuta wa bahari. Kuna urojo, mishikaki, maji ya miwa. Akina mama wa makamo huvua viatu, huketi juu ya jiwe pana lililopakana na maji, hufungua vyombo walivyotoka navyo nyumbani, na mtoto wa jirani akipita humwita na kumpa kipande cha mkate wa kumimina.